Baraza la Nyumbani: Binti wa Michenga na Bahari Asiyoiona

Barua nyingi zinazofika mezani petu zauliza habari za mahari, malezi, wakwe, na ugomvi wa mipaka ya mashamba. Hii ya leo si ya namna hiyo. Imetoka kwa mama mmoja wa Michenga, karibu na Ifakara. Ameomba tusitaje jina lake, maana mumewe naye husoma gazeti hili, tena husoma kwanza yeye.

Mama aeleza hivi. Mwezi wa Oktoba uliopita, maji ya mto yalipokuwa yamerudi nyuma na kuacha madimbwi, vijana wawili walichukua dawa ya kuulia wadudu wa shambani wakaimwaga katika dimbwi moja. Haikupita saa, samaki wakaelea matumbo juu: kambale, perege, kitoga, na vidogo visivyo na idadi. Wakawaokota kwa makapu, wakaenda kuwauza. Baba wa nyumba, asiyejua neno, akanunua fungu moja akalileta nyumbani kwa furaha. Binti yao, aliyekuwa akingoja mtihani wa kidato cha nne, alikuwa amesikia habari za lile dimbwi. Akakataa kula, akamzuia na mdogo wake. Baba akaona amedharauliwa mezani pake mwenyewe. Kukawa na maneno. Samaki wakamwagwa jalalani, na asubuhi yake bata wanne wa jirani waliokuwa wamewala walikutwa wamekufa. Baba hakusema kitu siku nzima.

Tangu hapo binti asema kwamba akienda kidato cha tano atasoma sayansi, na baadaye chuoni ajifunze viumbe vya majini na vya baharini, na jinsi sumu inavyoviharibu. Baba ajibu: "Bahari iko wapi hapa Michenga? Asomee uuguzi. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko iko hapa hapa Ifakara." Basi mama atuuliza maswali mawili. Kazi ya namna hiyo ipo kweli, au ni ndoto ya mtoto? Na je, auze magunia ya mpunga aliyoyaweka kwa ajili ya kununua bati za nyumba?

Mama, swali la magunia tutalifikia mwishoni. La kwanza twaomba tulijibu kwa kukueleza habari za mtu mmoja, ili nawe umsimulie baba jioni, kama hajawahi kuisoma.

Mtu huyo aliitwa Rachel Carson. Alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 huko Springdale, katika jimbo la Pennsylvania, nchi ya Amerika. Springdale si mji wa pwani. Uko kando ya mto, na bahari iko mbali mamia ya kilomita. Palikuwa na kiwanda cha gundi kilichonuka mji mzima. Baba yake hakuwa na fedha. Mama yake, Maria, alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa, naye alimzoesha mtoto kutembea kondeni na kutazama ndege, wadudu na mayai ya vyura, na kuvirudisha mahali pake baada ya kuvitazama. Msichana huyu alipenda habari za bahari asiyoiona kwa macho, kama huyu wa Michenga.

Mwaka 1925 aliingia chuo cha wasichana mjini Pittsburgh. Karo ilikuwa kubwa kuliko mfuko wa nyumba. Mama akauza vyombo vyake vya kauri, vile vya fahari vinavyotolewa akija mgeni, akaongeza na wanafunzi wa kufundisha piano. (Mama wa Michenga, hatusemi hivyo ili uuze bati zako, twasimulia tu mambo yalivyokuwa.) Mwanzoni binti alisoma lugha, kwa kuwa alitaka kuwa mwandishi. Kisha akakutana na mwalimu mmoja wa kike wa elimu ya viumbe, akageuza masomo. Wengi walimwambia anajiharibia, kwamba mwanamke hapati kazi katika sayansi. Akamaliza mwaka 1929, na wakati wa joto wa mwaka ule ule akaenda kujifunza Woods Hole, penye nyumba ya uchunguzi wa viumbe vya bahari. Hapo ndipo alipoiona bahari kwa mara ya kwanza, naye ana miaka 22.

Jambo hili litawafurahisha watu wa bonde la Kilombero. Alipoandika kazi yake ya kupata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mwaka 1932, hakuandika juu ya nyangumi wala papa. Aliandika juu ya figo za samaki wachanga wa jamii ya kambale. Naam, kambale! Mwenye ndevu kama huyu wetu wa matopeni.

Mwaka 1935 baba yake akafa ghafla. Rachel akawa ndiye wa kumlisha mama. Akapata kazi serikalini, katika idara ya uvuvi, kwanza kuandika vipindi vya redio juu ya samaki, na mwaka 1936 akaajiriwa kama mtaalamu wa viumbe vya majini. Mwaka 1937 dada yake naye akafa akaacha mabinti wawili, wakaja nyumbani kwake. Mchana alikuwa ofisini, na usiku, nyumba ikilala, akiandika. Kitabu chake cha kwanza cha bahari kilitoka mwaka 1941, wakati wa vita, wala hakikuuzwa. Cha pili, cha mwaka 1951, kilisomwa na watu wengi mno, kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Fedha zake zikamwezesha kuacha kazi ya ofisi mwaka 1952 na kukaa na kalamu. Mwaka 1957 mmoja wa wale mabinti aliowalea akafa pia, akaacha mtoto wa kiume wa miaka mitano. Rachel, ambaye hakuolewa, akamchukua awe mwanawe. Mama yake mzee alikuwa bado nyumbani humo, naye akamuuguza mpaka alipofariki mwishoni mwa mwaka 1958. Wako watu wanaodhani kwamba mwanamke msomi hukimbia nyumba. Huyu nyumba haikumwacha hata siku moja.

Sasa tuje kwenye sumu.

Wakati wa vita vya pili vya dunia dawa iitwayo DDT ilisifiwa kote. Nguvu yake ya kuua wadudu iligunduliwa mwaka 1939 na Mswisi mmoja, Paul Müller, katika kampuni ya Geigy ya mjini Basel, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Iliua chawa, mbu, viroboto na viwavi. Baada ya vita ndege za Amerika zikainyunyiza juu ya mashamba, misitu, mabwawa, hata juu ya watoto wakiogelea. Rachel Carson alikuwa ameona ofisini taarifa za wenzake waliokuwa wakijaribu dawa hiyo juu ya samaki na ndege, akaingiwa na mashaka mapema. Mwaka 1945 alitaka kuandikia gazeti moja kubwa habari hiyo. Likakataa. Akanyamaza miaka kumi na mitatu, mpaka mwaka 1958 rafiki yake alipomletea habari kwamba ndege wa kunyunyizia mbu walipita juu ya bustani yake, na ndege wa angani wakaanguka wamekufa, miguu imekunjamana.

Tuseme kweli, kwa sababu watu humsifu kwa jambo asilolifanya. Hakuwa yeye aliyepima maji wala kupasua samaki waliokufa. Wataalamu wengine, hapa mmoja na pale mmoja, walikuwa wamekwisha kupima na kuandika katika vitabu visivyosomwa na watu. Yeye alizikusanya kazi hizo miaka minne, akawauliza wenyewe kwa barua, kisha akaziandika kwa lugha ya mama na baba wa nyumbani. Kitabu kilitoka Septemba 1962. Kwa Kiingereza chaitwa *Silent Spring*, maana yake ni majira ya kuchipua kwa miti yasiyo na sauti ya ndege.

Katika habari alizozikusanya, tatu zafaa kusimuliwa mahali pa uvuvi kama Michenga.

Ya kwanza ni ya mto Miramichi, huko Kanada. Samaki aitwaye salmoni huzaliwa katika mto wa maji baridi, hushuka baharini akakua, kisha hurudi mto ule ule aliozaliwa ili atage. Juni 1954 ndege zilinyunyiza DDT juu ya misitu ya huko ili kuua viwavi vinavyokula misonobari. Hakuna aliyekusudia kuua samaki. Lakini matone hayachagui kati ya mti na maji. Siku mbili hazikwisha, samaki wakaanza kuonekana wamekufa kando ya mto, hata salmoni wachanga. Wadudu wa majini, ambao ndio ugali wa samaki wadogo, nao wakafa. Ilipofika Agosti, katika wale waliototolewa majira yale hakubaki hata mmoja. Kizazi cha mwaka mzima kilikuwa kimepotea. Nao walijuaje? Kwa kuwa tangu mwaka 1950 wataalamu wa uvuvi walikuwa wakiwahesabu samaki wa mto ule kila mwaka. Kama wasingehesabu kabla, wavuvi wa baharini wangeona tu nyavu tupu miaka iliyofuata, na kila mtu angesema lake: wengine mvua, wengine uchawi.

Ya pili ni ya pwani ya Florida, mwaka 1955. Watu walisumbuliwa na usubi wa maeneo ya chumvi, mahali kama mikoko yetu. Ikanyunyizwa dawa iitwayo dieldrini. Samaki zaidi ya milioni moja wakafa, wa aina zisizopungua thelathini. Na kaa pia. Kaa ni mla mizoga na mfagiaji wa matope; akifa yeye, hakuna wa kusafisha.

Ya tatu ndiyo inayofaa kufundishwa katika kila shule, nasi tutakaa nayo kidogo. Katika jimbo la California liko ziwa liitwalo Clear Lake. Lilikuwa na usubi mdogo usiouma mtu, bali wasumbua macho na taa za jioni. Mwaka 1949 wakaamua kuuondoa kwa dawa iitwayo DDD, ndugu yake DDT. Wakapima kwa uangalifu mkubwa: sehemu moja ya dawa kwa sehemu milioni sabini za maji. Mwaka 1954 wakarudia, wakaongeza kidogo. Nani angeogopa kiasi hicho? Lakini baadaye ndege wa majini waliokula samaki, jamii ya kibisi, wakaanza kufa kwa mamia. Walikuwa zaidi ya jozi elfu moja ziwani. Mwaka 1960 zilibaki kama jozi thelathini. Wataalamu wakapima. Majini, baada ya kunyunyiza, dawa ilikuwa sehemu 0.02 tu katika milioni. Katika vijimea vielevyo majini ilikuwa sehemu 5. Katika samaki wala majani ilikuwa kati ya 40 na 300. Katika mafuta ya ndege waliokufa ilifika 1,600. Piga hesabu mwenyewe: ni mara elfu themanini.

Imekuwaje? Dawa hizi haziyeyuki majini, hupenda mafuta. Kijimea huokota kidogo. Samaki mdogo hula vijimea elfu, kile kidogo cha kila kimoja hubaki mwilini mwake. Samaki mkubwa hula wadogo mia. Ndege hula wakubwa. Kila mlaji hupokea madeni yote ya walioliwa kabla yake. Na mwisho wa mstari huo, baada ya kambale na baada ya furukombe, yuko mtu, na baada ya mtu yuko mtoto anayenyonya, maana maziwa nayo yana mafuta.

Kitabu kilipotoka, wenye viwanda vya dawa walikasirika. Kampuni moja ilimtishia mchapaji kwa mashitaka kabla hata hakijatoka. Wengine walimcheka kuwa ni mwanamke asiyeolewa, mpenda paka na ndege. Rais Kennedy aliwaagiza wataalamu wake wachunguze, nao Mei 1963 wakatoa taarifa iliyoyakubali mengi aliyoyasema. Juni mwaka ule Rachel aliitwa kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Baraza la Seneti. Waliomsikiliza hawakujua kwamba alikuwa akiugua kansa ya matiti tangu mwaka 1960. Aliificha, asije akaambiwa kwamba anazichukia dawa kwa sababu ya ugonjwa wake. Alifariki tarehe 14 Aprili 1964, umri wake miaka 56. DDT ilikatazwa huko Amerika mwaka 1972, na tai wao, ambao mayai yao yalikuwa yakivunjika kwa wembamba wa ganda, wakaongezeka tena.

Hapa baba wa Michenga atasema: "Vema, lakini mbu je? Mzungu hana malaria." Ni neno la haki, wala si la kupuuzwa katika bonde ambalo kila ukoo umezika mtoto wa homa. Rachel Carson hakusema dawa zote zitupwe. Alisema zisimwagwe ovyo, na akaonya kwamba zikimwagwa ovyo mbu watazizoea, na siku ya haja hazitafaa kitu. Mkataba wa mataifa uliofanywa Stockholm mwaka 2001 wakataza DDT mashambani, lakini waruhusu kupulizwa ukutani ndani ya nyumba kwa ajili ya malaria. Na Ifakara yenyewe ina la kusema. Nyumba ya uchunguzi wa magonjwa iliyopo pale, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, ilianzishwa katika miaka ya 1950 na Profesa Rudolf Geigy wa Basel, mtu wa ukoo ule ule wa Geigy wa kampuni ya DDT. Ndivyo dunia ilivyo ndogo. Kutoka hapo ulifanywa mpango wa vyandarua vyenye dawa katika Kilombero na Ulanga tangu mwaka 1996, na ikaonekana kwamba watoto wadogo waliolala ndani yake walipona kifo zaidi kuliko wasiokuwa navyo, kwa kama robo nzima. Dawa kidogo, mahali pake, kwa kipimo. Lakini wataalamu hao hao wameona kwamba mbu wengi wa bonde hili sasa hawafi kwa dawa ya chandarua kama zamani, na moja ya sababu zinazotajwa ni dawa za mashambani zinazoingia katika majaruba wanamozaliwa mbu. Yaani tunayoyamwaga mchana mpungani yanatudhoofishia chandarua usiku.

Na bahari iko wapi hapa Michenga? Baba, iko mtoni. Maji ya Udzungwa na ya Mahenge huingia Kilombero. Kilombero hukutana na Luwegu, na hapo mto hubadili jina ukaitwa Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka kwetu. Siku hizi husimama kwanza katika bwawa kubwa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, na humo pia mna samaki wanaokula kinachoshuka. Kisha huendelea mpaka delta, penye msitu wa mikoko wa hekta kama 53,000. Huko kamba wachanga hulelewa kati ya mizizi kabla ya kwenda bahari kuu, ng'ambo ya Mafia. Wakulima wa mpunga wa huko nao waliwahi kutumia DDT kuua kaa waliokata miche yao. Kwa hiyo mvuvi wa Mafia hula sahani moja nasi, ingawa hatujuani.

Kuhusu kazi, mama, ipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari mjini Unguja tangu mwaka 1978. Wataalamu wetu wenyewe wamepima matope na viumbe vya pwani ya Dar es Salaam wakakuta mabaki ya DDT na dieldrini, na taarifa zao zilichapwa mwaka 2002. Marehemu Profesa Adelaida Semesi, mwanamke wa nchi hii, alikuwa bingwa wa mikoko na mwani. Mpango wa kutunza mikoko ya Tanzania bara wa mwaka 1991 ulipita mikononi mwake. Iko pia Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, na viko vyuo vya uvuvi Mbegani na Nyegezi kwa wale wasiofika chuo kikuu. Hata biashara yahitaji watu hawa. Mwaka 1999, ilipojulikana kwamba wavuvi wengine wa Ziwa Viktoria walikuwa wakivua kwa sumu, nchi za Ulaya zilikataa samaki wa ziwa lote, wa Uganda, wa Kenya na wa Tanzania. Viwanda vikasimama, mpaka walipopatikana watu wenye vyombo vya kupima na kuthibitisha kuwa samaki ni salama.

Lakini hatutaki kumdanganya mtu. Nafasi hizo ni chache. Wako vijana wenye shahada wanaozunguka mjini na vyeti vyao katika bahasha. Uuguzi hupatiwa kazi upesi zaidi, nao ni kazi njema. Baba hakukosea aliposema hivyo. Jambo zuri ni kwamba hakuna haja ya kuchagua leo. Mtoto akichukua Kemia na Biolojia kidato cha tano, milango yote miwili hubaki wazi miaka miwili mingine.

Wakati mnangoja, dimbwi liko pale pale, na Oktoba itarudi. Wazee wetu walivua kwa utupa, na wengine hujitetea kwa hilo. Utupa ni jani, huoza na kwisha upesi. Dawa ya chupa haina tabia hiyo, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yakataza sumu ya kila namna. Samaki aliyeokotwa akielea, usimnunue hata akiuzwa bure. Aliyekula akaumwa kichwa, akatapika, akatetemeka au kutokwa mate mengi, apelekwe hospitali mara moja, tena chupa ya dawa ichukuliwe pamoja naye ili daktari asome jina. Bomba la mgongoni lisioshwe mtoni wala mferejini: suuza mara tatu, na maji hayo yanyunyizwe shambani. Chupa tupu itobolewe. Isitiwe mafuta ya taa, sembuse maziwa ya mtoto. Mvua ikinukia, usipulizie, kwani fedha yako itateremka Rufiji kabla ya jioni. Na kando ya mto uache ukanda wa majani usiopuliziwa kitu.

Sasa magunia. Tangu mwaka 2022 serikali imeondoa ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule zake. Kinachobaki ni nauli, sare, godoro, ndoo, madaftari na fedha kidogo ya mkononi. Kwa hiyo usiuze mpunga wote; na wala usiuze sasa, wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Uza ya kutosha safari na vifaa, mengine yangoje bei ipande, bati zitafuata. Akifika chuo kikuu, aombe Bodi ya Mikopo mapema, na vyeti vyote vya kuzaliwa viwe tayari, maana wengi hukwama hapo, kwa karatasi moja iliyoliwa na mchwa.

Nawe baba, twajua umesoma haya kabla ya mama. Wale bata wanne walikuwa wa jirani, na jirani bado hajaambiwa walikufa kwa nini. Kuku wake pia huchokoa jalala lile lile.